Mkwaju alitoka Mexico? Miguel Sabido na mchezo wa redio uliopita Ushirombo

Taarifa za mashirika ya afya zina sentensi moja inayorithiwa bila kuhojiwa: kwamba Tanzania ilifundishwa kuelimisha umma kwa tamthilia na Mmexico mmoja, Miguel Sabido, na kwamba ushahidi ni Twende na Wakati, mchezo uliorushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kuanzia Julai 1993. Nusu ya kwanza ya dai hilo haisimami. Nusu ya pili ina ukweli kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Kwetu sisi wa Ushirombo, Kahama na Geita suala hili si la kitabuni tu. Mkwaju, mhusika aliyeubeba mchezo huo, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye mwanamke kila kituo anapolaza gari. Wasikilizaji wa barabara inayotoka bandari kavu ya Isaka, ikapita Kahama, Ushirombo na Runzewe hadi Rusumo mpakani mwa Rwanda, hawakuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

Tuanze na Sabido mwenyewe, maana wanaomtaja humtaja kama mwanasayansi, naye hakuwa hivyo. Alizaliwa Mexico mwishoni mwa miaka ya 1930, akakulia katika jukwaa la maigizo kabla ya kufika kwenye televisheni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa waandishi wa tamthilia za televisheni zilizosimulia historia ya nchi yake, na baadaye akawa mtu mzito katika kampuni ya Televisa. Maelezo ya "mbinu ya Sabido" huanza na orodha ya wakubwa: Albert Bandura na nadharia yake ya kujifunza kwa kuiga, Eric Bentley na aina za tamthilia, Carl Jung, halafu Paul MacLean na ubongo wenye tabaka tatu. Orodha hiyo inapendeza kwenye semina. Bandura anastahili heshima yake. Ubongo wa tabaka tatu nauacha ulipo, kwa sababu wataalamu wa mishipa ya fahamu wenyewe wamekwisha kuukana.

Kinachosahaulika ni pastorela. Hii ni michezo ya Noeli ambayo chimbuko lake ni watawa wa karne ya 16 waliotaka kuwaingiza wenyeji wa Mexico katika Ukristo. Wachungaji wanakwenda Bethlehemu; mashetani wanawavizia njiani kwa chakula, usingizi na wanawake; malaika anawapigania. Sabido aliisoma michezo hii kwa miaka mingi na kuiongoza jukwaani huko Tepotzotlán, nje kidogo ya jiji la Mexico. Sasa tazama kanuni yake maarufu ya televisheni: mhusika mwema wa kuigwa, mhusika mbaya wa kuogopwa, na katikati yao mhusika anayeyumba, anayekosea, anayerudi, mpaka achague. Malaika, shetani na mchungaji. Mimi naona pastorela ndiyo mama wa mbinu hiyo, na vitabu vya saikolojia vililetwa baadaye kuja kusimamia harusi. Waumini wa misheni ya Ushirombo, iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1891, hawahitaji kuelezwa mchezo wa Noeli unavyofanya kazi.

Kilichomshtua akaiona televisheni kwa jicho jingine kilitoka Peru. Mwaka 1969 tamthilia ya Simplemente María ilianza kuonyeshwa huko: msichana wa kijijini anakuja mjini kufanya kazi za ndani, anajifunza kusoma, anajifunza kushona, anainuka. Wasichana wa kazi walifurika madarasa ya jioni na mauzo ya cherehani za Singer yakapanda, ingawa hakuna aliyekuwa amepanga hivyo. Sabido akajiuliza kama kilichotokea kwa bahati kinaweza kuandikwa kwa makusudi. Jibu lake lilikuwa Ven conmigo, 1975 hadi 1976, iliyohimiza elimu ya watu wazima. Kuna siku mchezo ulionyesha mahali vitabu vya kisomo vinapotolewa bure. Kesho yake watu wapatao 25,000 walimiminika hapo na barabara za katikati ya jiji zikaziba. Waliojiandikisha kusoma katika kipindi hicho walizidi 800,000, mara tisa ya mwaka uliotangulia. Ikafuata Acompáñame, 1977 hadi 1978, iliyotayarishwa pamoja na dada yake Irene Sabido, kuhusu uzazi wa mpango. Zikaja nyingine, ambazo zinafanana mno kutuchelewesha.

Kutoka hapo mbinu ilisafiri kwa mkono wa David Poindexter, Mmarekani aliyeanzisha shirika la Population Communications International. Ilifika India, ambako Hum Log ilivuta mamilioni mwaka 1984 na 1985. Ilifika Kenya mwaka 1987 kwa tamthilia ya televisheni Tushauriane na mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana. Kisha ikafika Tanzania Bara, nchi isiyokuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Huku Bara Mwalimu Nyerere aliiona kuwa anasa, na ITV ilianza mwaka 1994 tu. Kwa hiyo kazi ya mtu wa televisheni ikabidi ivuliwe picha na kubaki sauti.

Hapo ndipo simulizi la kawaida linapoharibika, kwani linadhani sauti hiyo ilikuta ukimya.

Haikukuta ukimya. Ilikuta redio ambayo mwaka 1973, kupitia kampeni ya Mtu ni Afya, ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili kwa wiki 12, huku viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakiwa wamefunzwa, na matokeo yakaonekana kwa majembe: vyoo vilichimbwa nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Ilikuta wasikilizaji waliokuzwa na Pwagu na Pwaguzi, wanaojua kucheka na mjanja huku wakingoja aumbuke. Na ilikuta ngonjera. Mathias Mnyampala alipozieneza baada ya Azimio la Arusha, alizipa umbo ambalo kila mtoto wa shule ya msingi alikuja kulighani: mmoja hajui au amepotoka, mwenzake anajua, wanabishana ubeti kwa ubeti mpaka yule wa kwanza akubali. Yule mhusika anayeyumba halafu akachagua, ambaye semina zilimleta kama bidhaa mpya kutoka ng'ambo, alikuwa amesimama mstarini katika viwanja vya shule zetu tangu mwisho wa miaka ya 1960, kaptula ya kaki na mikono nyuma.

Hata hivyo kuna kitu kipya kilichokuja na Sabido, na wanaosema "tulikuwa nacho tayari" hawakitendei haki. Ni muda. Katika ngonjera mpotovu anaongoka kabla kengele haijalia. Sabido alimruhusu mpotovu astarehe. Mkwaju alipewa miezi na miezi ya kutamba: ana fedha, ana maneno matamu, anamdharau mkewe Tunu, anataka watoto wa kiume, na msikilizaji anamfurahia hata anapomlaani. Gharama inakuja polepole, na inakuja ikiwa UKIMWI. Tunu ndiye anayebadilika: anavumilia, anachoka, anaanza biashara ndogo, anasimama kwa miguu yake. Pembeni wapo Fundi Mitindo, mshona nguo, na mkewe Mama Waridi, watu wema wa kuigwa, ambao wanachosha kidogo, kama watu wema wa tamthilia wanavyochosha kokote duniani.

Mchezo ulikwenda hewani mara mbili kwa wiki, jioni. Anayeikumbuka miaka ile anakumbuka pia betri zilizoanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kumaliza nusu saa, na redio moja iliyowekwa dirishani ikasikilizwa na nyumba tatu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, jirani kabisa na sisi, na huko ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la kitambaa cha magendo. Miaka kumi baadaye vijiwe vilikuwa vimelifanyia mzaha jina lake la Kiingereza, AIDS, herufi kwa herufi: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Mabango ya serikali hayakuwa na la kuujibu mzaha huo. Mkwaju alikuwa nalo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiusema, na kila juma watu walimsikia akiusogelea mwisho wake.

Sasa tuje Dodoma, maana ugomvi wote wa wataalamu uko pale.

Watafiti, Everett Rogers na Peter Vaughan wakiwemo, pamoja na Mtanzania Ramadhan Swalehe, walitaka kupima kama mchezo unabadili tabia kweli. Wakapata nafasi adimu: mtambo wa RTD wa Dodoma uliweza kutenganishwa. Kwa hiyo kuanzia 1993 hadi Septemba 1995 sehemu nyingine za nchi zilimsikiliza Mkwaju, na Dodoma ikapigiwa vipindi vingine saa ileile. Nyumba zikahojiwa kila mwaka hadi 1997. Matokeo, yaliyochapishwa 1999 na 2000, yalisema kwamba kwenye maeneo yaliyosikia mchezo, wanaume na wanawake walipunguza idadi ya wapenzi, matumizi ya kondomu yakaongezeka, na uzazi wa mpango ukapanda kuliko Dodoma. Asilimia 82 ya wasikilizaji walioulizwa walisema wamechukua hatua ya kujikinga kwa sababu ya mchezo. Takwimu hiyo imezunguka dunia. Ni ya watu kujisemea wenyewe, tena mbele ya mhojaji mwenye karatasi, na ninashangaa ni kwa nini ndiyo inayonukuliwa kuliko zote.

Wakosoaji wana hoja. Dodoma ni eneo moja, kame, lenye njaa zake na uchumi wake. Ukilinganisha nchi nzima na mahali pamoja, huwezi kujua kama umepima mchezo au umepima ukame. Isitoshe, malori ya kwenda Mwanza na Rwanda yanapita Dodoma. Dereva na utingo waliomsikia Mkwaju Jumatatu wakiwa Kahama wangeweza kumsimulia kwa mama ntilie wa Dodoma siku mbili baadaye. Miaka hiyohiyo mchezo mwingine wa redio, Zinduka, ulikuwa hewani pia, na Nyota ya Kijani, nembo ya uzazi wa mpango, ilikuwa inachorwa kwenye kuta za zahanati. Kisha kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja, ambalo wasifuji wa Sabido hulipita haraka: katika Mkoa wa Mwanza, ambao Geita ilikuwa ndani yake mpaka mkoa mpya ulipoundwa mwaka 2012, ulikuwa unafanyika utafiti mwingine kabisa. Jamii 12 za vijijini zilifuatiliwa. Nusu yake zilipata matibabu bora ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati zao. Agosti 1995 jarida la The Lancet likatangaza kwamba maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Hapakuwa na tamthilia, palikuwa na dawa na mganga aliyefundishwa.

Wapo pia wanaosema mchezo wote ulikuwa njama ya wafadhili kupunguza Waafrika. Fedha za UNFPA zilikuwemo, na shirika la Poindexter lilihubiri idadi ya watu waziwazi; sera ya taifa ya idadi ya watu nayo ilikuwa imepitishwa mwaka 1992. Sioni sababu ya kuwacheka wenye shaka hiyo. Ila shaka yao inamsahau Tunu. Mwanamke anayeamua azae lini na ale kwa jasho gani hakubuniwa na mfadhili. Alikuwa akiuza nyanya stendi kabla mradi haujaandikwa.

Hoja inayonizuia kuutupa utafiti wa Dodoma ni ya mwisho. Septemba 1995 mtambo ulifunguliwa, na Dodoma, mkoa alikozaliwa Mnyampala mwenye ngonjera zake, wakaanza kumsikia Mkwaju. Uchunguzi wa miaka miwili iliyofuata ukakuta mabadiliko huko pia. Ukame haukuwa umeondoka. Na watafiti walipofuatilia njia ambayo mabadiliko yalipitia, walikuta kwamba pamoja na msikilizaji kujiona yuko hatarini, mazungumzo yalikuwa na nguvu kubwa: mke na mume, jirani na jirani, wakimjadili Mkwaju na Tunu kana kwamba ni watu wa mtaa wao, na kwa kuwajadili wao wakajikuta wanajijadili wenyewe bila aibu.

Mazungumzo ya namna hiyo hayachochewi na nadharia ya ubongo. Yanachochewa na mwandishi wa mswada anayejua mke wa dereva wa Ushirombo atamjibuje mumewe aliyerudi baada ya wiki tatu na kanga moja mkononi, na mwigizaji anayejua pa kunyamaza kabla ya jibu hilo. Sabido aliwapa ratiba na uvumilivu wa kumchelewesha mpotovu. Maneno waliyaandika watu wa RTD, mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Waliopima mchezo majina yao yako juu ya makala zao. Waliouandika na kuuigiza watafutwe kwenye kanda na miswada, kama bado ipo kwenye kabati za TBC, mrithi wa RTD, pale Barabara ya Nyerere, kabla waliobaki hai hawajaacha kuzitambua sauti zao wenyewe.