Viazi Vikuu vya Meksiko na Historia ya Homoni Zitokanazo na Mimea

Homoni za uzazi zilianza kutengwa na kutambuliwa maabarani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1929, Edward Doisy nchini Marekani na Adolf Butenandt nchini Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walitenga estroni, mojawapo ya homoni za kundi la estrojeni, kutoka katika mkojo wa wajawazito. Mwaka 1934 ikafuata projesteroni, homoni inayouandaa mji wa mimba kupokea na kulea ujauzito. Kazi hiyo ilimeza malighafi nyingi mno. Butenandt alitumia ovari za nguruwe wapatao 50,000 na kuambulia miligramu 20 tu.

Madaktari waliihitaji projesteroni kwa ajili ya wanawake waliosumbuliwa na hedhi na wale ambao mimba zao ziliharibika mara kwa mara. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940 gramu moja ilifikia dola 80 za Marekani. Hataza na biashara yake vilikuwa mikononi mwa makampuni machache ya Ulaya, yakiwemo Schering ya Ujerumani, Ciba ya Uswisi na Organon ya Uholanzi, ambayo yalitengeneza homoni kutokana na kolesteroli ya wanyama. Aliyebadilisha hali hiyo alikuwa mkemia mmoja wa Marekani, na malighafi yake ilikuwa kiazi cha mwituni kutoka misitu ya Meksiko.

Dawa za mitishamba kabla ya maabara

Wanawake walitumia mimea kwa matatizo ya hedhi na uzazi karne nyingi kabla neno homoni halijabuniwa. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walichimba mizizi ya mmea ambao wanabotania wanauita Actaea racemosa. Katika pwani ya Afrika Mashariki na nchi za Kiarabu, mwanamke aliyejifungua amekuwa akipewa uwatu ili apate nguvu na maziwa ya kutosha.

Mwaka 1875 Lydia Pinkham wa mji wa Lynn, Massachusetts, alianza kuuza mchanganyiko wa mimea kwa ajili ya maradhi ya wanawake. Ndani yake mlikuwa na mizizi ya Actaea, mbegu za uwatu na mimea mingine, vyote vikihifadhiwa kwa pombe iliyokaribia asilimia 20. Dawa hiyo ilitangazwa magazetini kwa nguvu kubwa na kuifanya familia yake kuwa tajiri. Wakati huo madaktari wengi hawakuwa na tiba ya maana ya kuwapa wanawake, na baadhi ya upasuaji uliofanywa ulikuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Chupa ya Pinkham ilijaza pengo hilo, ingawa hakuna aliyekuwa na njia ya kupima iwapo ilifanya kazi.

Kemia ya kiazi

Estrojeni, projesteroni, testosteroni na kotisoni zote ni steroidi, yaani zimejengwa juu ya kiini kimoja cha pete nne za kaboni. Mimea nayo hutengeneza viini vya aina hiyo. Mingi huvihifadhi ndani ya saponini, kemikali zinazotoa povu zikichanganywa na maji. Wakulima wa Meksiko walizijua saponini kwa matumizi yake: walisaga mizizi ya mimea waliyoiita barbasco na kuimwaga mtoni ili kuwalewesha samaki, kama utupa unavyotumiwa Afrika Mashariki.

Mwaka 1936 wanakemia wa Japani walitenga diosgenini kutoka kwenye kiazi cha jenasi ya Dioscorea, jamii ya viazi vikuu. Russell Marker, profesa wa chuo cha Pennsylvania State aliyezaliwa mwaka 1902, aliona fursa iliyokuwamo. Alitambua kwamba diosgenini ina kiini cha steroidi kilichobeba mkia wa atomu zisizohitajika, na akabuni njia ya kuukata mkia huo kwa hatua chache za kikemia. Kilichobaki kiligeuzwa kwa urahisi kuwa projesteroni. Njia hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Kilichokosekana ni mmea wenye diosgenini nyingi. Marker alikusanya na kuchunguza mimea ya aina nyingi mpaka alipoona katika kitabu cha botania picha ya Dioscorea kubwa ya jimbo la Veracruz. Mwaka 1942 alikwenda Meksiko na, kwa msaada wa mwenye duka wa kijijini, akapata viazi hivyo karibu na mji wa Orizaba. Alirudi Marekani kuomba fedha, lakini makampuni ya dawa hayakuamini kwamba kiwanda cha homoni kinaweza kusimama Meksiko. Marker akaacha kazi ya chuo, akatengeneza mwenyewe takribani kilo 3 za projesteroni, na kuingia ubia na Emeric Somlo na Federico Lehmann, wamiliki wa maabara ndogo jijini Mexico City. Mwaka 1944 wakaanzisha kampuni ya Syntex.

Ubia huo haukudumu. Mwaka 1945 Marker alijiondoa baada ya kugombana na wenzake kuhusu mapato, na siri nyingi za kazi akaondoka nazo kichwani. Mwaka 1949 aliacha kemia kabisa.

Kotisoni na kidonge cha kuzuia mimba

Syntex ilimwajiri George Rosenkranz, mkemia mzaliwa wa Hungaria, ambaye aliijenga upya kazi ya Marker hatua kwa hatua. Mwaka 1949 madaktari wa Kliniki ya Mayo, wakiongozwa na Philip Hench, walitangaza kwamba kotisoni inawapa nafuu kubwa wagonjwa wa baridi yabisi. Kampuni ya Merck iliitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, kwa hiyo mbio za kutafuta mmea wa kuirahisisha zikaanza duniani kote. Marekani ilituma wataalamu Afrika kutafuta mbegu za Strophanthus, mmea ambao jamaa zake wametumika kutengeneza sumu ya mishale. Ushindi ulikwenda kwa kiazi. Mwaka 1951 Syntex ilitengeneza kotisoni kutokana na diosgenini, na mwaka uliofuata watafiti wa kampuni ya Upjohn waligundua kuvu ya jenasi ya Rhizopus inayoweza kuibadilisha projesteroni kwa hatua moja kuwa malighafi nzuri ya kotisoni. Ghafla projesteroni ya Meksiko ikahitajika kwa tani.

Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 1951, mkemia kijana wa Kimeksiko Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na Rosenkranz, alitengeneza norethisteroni, homoni ya maabara inayofanana na projesteroni lakini inayofanya kazi ikimezwa. Projesteroni yenyewe huharibiwa kwa wingi na ini kabla ya kufika inakotakiwa. Frank Colton wa kampuni ya Searle alitengeneza homoni ya jamii hiyo hiyo, nayo ikatumika katika Enovid, kidonge kilichojaribiwa kwa wanawake wa Puerto Rico kuanzia mwaka 1956 na kuidhinishwa Marekani kama kinga ya mimba mwaka 1960. Majaribio ya Puerto Rico yameendelea kulaumiwa, kwa kuwa wanawake wengi hawakuelezwa kwamba wanajaribiwa dawa mpya, na malalamiko yao kuhusu kizunguzungu na kichefuchefu yalipuuzwa.

Wachimbaji wa barbasco

Kazi yote hiyo ilitegemea jembe na panga la mkulima. Kiazi cha mwanzo kilichotumiwa na Marker kiliachwa upesi, nafasi yake ikachukuliwa na Dioscorea composita, barbasco yenye diosgenini nyingi zaidi. Familia maskini za Oaxaca, Veracruz na majimbo ya jirani ziliingia msituni, zikafuata mitambaa ya mmea hadi shinani, zikachimba viazi na kuvibeba mgongoni hadi vituo vya kununulia. Hapo vilikatwakatwa, vikachachushwa na kukaushwa juani kuwa unga wa kupelekwa viwandani. Mchimbaji alilipwa kwa kilo, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa kiazi kinakwenda kufanya nini. Wapo waliosikia kwamba kinatengenezewa sabuni.

Mwaka 1975 serikali ya Rais Luis Echeverría iliunda shirika la umma, Proquivemex, ili kupandisha bei ya kiazi na kuwapa wachimbaji sauti katika biashara. Hatua hiyo ilikuja ikiwa imechelewa. Makampuni ya dawa yalikuwa tayari na njia nyingine. Percy Julian, mkemia Mmarekani mweusi na mjukuu wa watumwa, alikuwa ametengeneza projesteroni kutokana na mafuta ya soya jijini Chicago tangu miaka ya 1940, na baadaye vijidudu vilitumika kuzigeuza steroidi za soya kwa gharama ndogo. Uchina nayo ilikuwa na Dioscorea zake. Soko la barbasco likaporomoka, na vijiji vilivyoitegemea vikabaki bila kipato hicho.

Mkonge wa Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika historia hii kupitia mkonge, mmea ambao nao asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na 62 tu kati ya hiyo ilifika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana nayo yakakua mashamba ya Tanga na Morogoro, na Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani.

Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji na makapi yaliyokuwa yakitupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi wa Uingereza walionyesha kwamba maji ya mkonge yana hekojenini, steroidi yenye oksijeni mahali palipo jirani kabisa na pale inapohitajika katika kotisoni. Kampuni ya Glaxo iliitumia kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Taka za mashamba ya mkonge zikawa malighafi ya dawa za ngozi na za baridi yabisi, huku manamba waliokata majani hayo wakiendelea kulipwa ujira ule ule wa nyuzi.

Kutoka dawa hadi virutubisho

Wakati huo huo sayansi iligundua kwamba baadhi ya mimea huathiri homoni moja kwa moja. Katika miaka ya 1940, kondoo wa Australia Magharibi waliolishwa aina fulani ya klova walishindwa kushika mimba. Uchunguzi ulionyesha kwamba majani hayo yana isoflavoni, kemikali ambazo mwili huzipokea kama estrojeni hafifu. Isoflavoni zimo pia kwenye soya, na huko ndiko yalikotoka matumaini kwamba soya ingepunguza joto la ghafla linalowasumbua wanawake wanapofikia ukomo wa hedhi.

Matumaini hayo yalikutana na mabadiliko mawili. Mwaka 1994 sheria mpya ya Marekani iliruhusu virutubisho vya mimea kuuzwa bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Kisha Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608 ulisimamisha jaribio la vidonge vya ukomo wa hedhi vyenye estrojeni na projestini, yaani homoni ya maabara inayofanana na projesteroni, baada ya kuonekana kwamba vinaongeza hatari ya saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Wanawake wengi waliacha vidonge na kutafuta kitu cha asili.

Miongoni mwa vilivyowangoja madukani ni krimu na vidonge vya viazi vikuu vya mwituni, vikitangazwa kama projesteroni ya asili. Tangazo hilo liliegemea ukweli wa nusu. Diosgenini iligeuka projesteroni ndani ya vyombo vya Marker, kwa asidi, joto na kemikali nyingine. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo, hivyo diosgenini inayomezwa au kupakwa hubaki kuwa diosgenini. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa wanawake krimu ya kiazi hicho na krimu isiyo na dawa kwa miezi mitatu mitatu, na haukuona tofauti ya maana katika dalili wala katika homoni zao. Mizizi ya Actaea nayo haikuishinda dawa bandia katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, na mamlaka za dawa zimetoa tahadhari kuhusu wagonjwa wachache walioumia ini baada ya kuitumia. Kwa isoflavoni za soya matokeo yamegawanyika. Pale nafuu inapoonekana, huwa ndogo.

Leo, katika miji ya Tanzania na Kenya, virutubisho vya kurekebisha homoni huuzwa madukani, mitandaoni na kwa mawakala wanaopita nyumba kwa nyumba. Wanunuzi wengi ni wanawake wenye hedhi zilizovurugika, uvimbe kwenye mji wa mimba au shida ya kupata mtoto. Hayo ni maradhi yenye sababu tofauti, na vipimo vya damu na picha ya ultrasaundi ndivyo vinavyozitenganisha. Uwatu, ambao nao una diosgenini, ni chakula chema, lakini kuula si kumeza projesteroni.

Historia ya barbasco inathibitisha kwamba mimea ni hazina kubwa ya dawa: imeleta vidonge vya uzazi wa mpango na tiba ya baridi yabisi kwa mamilioni ya watu. Inathibitisha pia kwamba hazina hiyo ilifunguliwa kwa kupima, kutenga na kujaribu, na kwa jasho la wachimbaji ambao malipo yao hayakulingana na kazi yao. Kirutubisho kinachouzwa kwa jina la mmea kinastahili kupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Mwanamke anayeambiwa kwamba homoni zake zimevurugika apimwe kwanza hospitalini, na kila anachokunywa, cha dukani au cha mitishamba, amtajie daktari wake.