Herufi Moja, Namba Tatu: Faili za Lubumbashi kati ya Linux na Windows

Jiji la Lubumbashi lilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na jina lake la sasa likaanza kutumika rasmi mwaka 1966. Kwa mwanahistoria badiliko hilo ni suala la siasa. Kwa kompyuta ni suala la herufi moja: jina la kikoloni huanza na E yenye alama juu yake, ilhali jina la sasa halina herufi ya namna hiyo.

Kompyuta za Windows huazimana faili na printa kwa itifaki iitwayo SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupanuliwa baadaye na Microsoft. Mwishoni mwa mwaka 1991 Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti huko Canberra, Australia, alianza kuandika programu ambayo ingeiwezesha mashine ya Unix kuijibu mashine ya DOS. Hakuwa na maelezo ya itifaki. Alitega sikio kwenye waya, akanakili maswali na majibu hadi akaweza kujibu mwenyewe. Programu hiyo ilihamia Linux, na mwaka 1994 ikaitwa Samba, neno alilolipata kwa kusaka katika orodha ya maneno yenye S, M na B. (Msomaji wa Kiswahili asilitafutie asili Usambara.)

Mashine zikawa zinaelewana, lakini hazikuwa zikihesabu herufi kwa namna moja. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba. Katika msimbo wa DOS wa Ulaya Magharibi, nambari 850, herufi É ni 144. Katika msimbo uliozoeleka wakati huo kwenye Linux, ni 201. Ikiwa msimamizi wa seva hakuilinganisha misimbo hiyo, faili iliyoitwa Élisabethville upande wa Linux ilionekana kwenye Windows ikianza na kona ya fremu ya jedwali, kwani ndiyo 201 ya DOS. Matini ya kawaida iliyopelekwa kwenye printa yenye msimbo wa 850 ilitoka na kasoro hiyohiyo karatasini.

Lubumbashi ni jiji ambamo Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya darasa, na Kiswahili ni lugha ya soko, nyumba na kambi za wafanyakazi. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Katika waya daraja hilo lilipinduka: Kiswahili, kisicho na alama juu ya herufi, kilipita salama, na lugha rasmi ndiyo iliyochubuka.

Hasara si ya sura tu. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, historia ya jiji hilo kwa Kiswahili cha huko, chini ya kichwa cha Kifaransa, *Vocabulaire de la ville de Elisabethville*. Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliichapisha mwaka 1990. Tahajia yake huunganisha na kutenganisha maneno kwa namna isiyofuata Kiswahili sanifu, hata ikabidi isomwe kwa sauti ndipo ieleweke. Katika matini ya aina hiyo kila herufi ni ushahidi. Mashine inayobadilisha moja imeharibu hati.

Samba 3.0, iliyotolewa Septemba 2003, ilianza kutumia Unicode katika mawasiliano. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft kutoa maelezo ya itifaki zake, na Desemba 2007 wahusika wa Samba wakayapata kwa mkataba. Hata hivyo majina yaliyokwisha kuandikwa diskini hayakujirekebisha. Katika Linux ya leo É huandikwa kwa baiti mbili, 195 na 137. Anayehamisha hifadhi ya zamani hana budi kujua kwanza kama aliyeitangulia aliandika 144 au 201, na kubadili majina yote kabla ya kunakili. Faili iliyoitwa Lubumbashi haihitaji kuguswa.