Ubadilishaji wa mkanda wa taimingi

Ubadilishaji wa mkanda wa taimingi ni kazi ya ufundi magari ya kuondoa mkanda wa mpira wenye meno, unaounganisha krenkshafti na kemshafti ya injini, na kufunga mpya kabla wa zamani haujakatika. Jijini Dar es Salaam hufanyika zaidi katika gereji za mitaani, kama zile za Mwananyamala na Tegeta (Kinondoni) au Tandika na Mbagala (Temeke), kwa magari yaliyoingizwa yakiwa yametumika Japani. Mafundi huuita taimingi belti, au taimingi tu.

Kazi yake

Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Mkanda hutunza uwiano huo ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati. Katika injini za dizeli za Toyota kama 5L huzungusha pia pampu inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Mkanda wa nje ukilegea hulia. Huu umefichwa chini ya kava na mara nyingi hukatika bila dalili.

Madhara hutegemea injini. Katika 7A-FE ya Carina au 3S-FE ya Noah za zamani, pistoni hazifiki kwenye valvu. Gari huzima, huvutwa hadi gereji, na kwa kawaida mkanda mpya hutosha. Katika 5L ya Hiace na 1KZ-TE ya Prado nafasi hiyo haipo: pistoni hugonga valvu zilizo wazi, valvu hupinda, na silinda hedi hufunguliwa. Injini kama 1NZ-FE ya Vitz na IST hutumia cheni, kwa hiyo mwenye IST anayeambiwa taimingi belti imeisha ana haki ya kuomba aonyeshwe.

Muda wa kubadilisha

Kwa Toyota nyingi kipimo ni kilomita 100,000. Magari mengi ya dizeli yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi, lakini taa hiyo huhesabu kilomita tu, haipimi hali ya mkanda, na fundi anaweza kuirudisha sifuri bila kubadilisha chochote. Tatizo la gari la mtumba ni kwamba hata kilomita zinazosomeka huenda zilirudishwa nyuma. Mafundi wa Japani huwa na desturi ya kubandika karatasi ndani ya chumba cha injini yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Isipokuwepo, ni salama zaidi kuhesabu kuwa mkanda ni wa zamani. Daladala inayotembea kilomita 200 kwa siku hufikisha 100,000 kwa siku 500.

Hatua za kazi

Betri hukatwa, mikanda ya nje huondolewa, na katika magari mengi yanayovuta kwa mbele injini huegemezwa kwenye jeki ili maunti ya upande wa mkanda ifunguliwe. Puli ya krenkshafti ndiyo husumbua, kwa sababu bolti yake hukazwa sana. Kava zikitoka, krenkshafti huzungushwa hadi alama zake na za kemshafti zikae mahali pake, kisha tenshena hulegezwa na mkanda kutolewa.

Mkanda mpya ukishafungwa, fundi huzungusha krenkshafti kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, na kukagua alama upya. Ikigoma njiani huacha hapo hapo. Kuruka hatua hii na kupiga starta kunaweza kupinda valvu siku ileile, kwa kosa la jino moja au mawili.

Gharama

Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, lakini ufundi ni mapatano. Bei hufuata ugumu wa kufikia mkanda: 1MZ-FE ya Harrier, yenye silinda sita na kemshafti nne, hula muda mwingi kuliko Carina. Pamoja na mkanda hununuliwa tenshena, beringi na oil sili. Oili inayovuja huharibu mpira. Katika 3S-FE pampu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo, hivyo hubadilishwa pamoja, wakati ya 7A-FE huzungushwa na mkanda wa nje na inaweza kusubiri. Fundi anayetaka beringi mpya si lazima awe anaongeza bei: ikikwama baadaye, kazi yote hurudiwa na ufundi hulipwa mara mbili.

Spea hununuliwa zaidi Kariakoo na Gerezani, kwa kutaja namba ya injini au kwenda na mkanda wa zamani na kulinganisha meno na upana. Bidhaa bandia zipo, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye mamlaka ya kuzikamata. Mkanda wa mtumba haufai hata ukionekana mzima, kwani umri wa mpira haujulikani kwa macho.

Valvu zikipinda, bili hubadilika kabisa: valvu, gasketi ya hedi, kusawazisha hedi mashine shopu, na mkanda uleule uliokuwa unaahirishwa. Kwa mwenye daladala huongezeka hesabu ya kila siku ambayo dereva haileti gari likiwa juu ya mawe.