Chepseon: Nguo Kabla ya Mkasi

Chepseon iko kando ya barabara kuu ya kutoka Kericho kwenda Nakuru, katika nyanda za juu zenye baridi na mvua ambako chai hustawi na pamba haimei. Jambo hilo moja limeamua mengi katika historia ya mavazi ya huku. Tangu Wakipsigis, wenyeji wa huku, walipoacha kuvaa ngozi, kitambaa kimekuwa kikiletwa kutoka mbali, kimeshafumwa na kutiwa rangi, na fundi wa hapa akaachiwa kukata na kushona. Wengi husema ufundi huu ulidhoofishwa na mitumba. Naona udhaifu wenyewe ni wa zamani zaidi: ulianza pale elimu ya kushona ilipotenganishwa na elimu ya kutengeneza kitambaa.

Zamani aliyetaka vazi alianza na mnyama. Ngozi ya mbuzi iliwambwa, ikakwanguliwa na kukaushwa, kisha ikafikichwa kwa mafuta mpaka ikalainika na kukunjika bila kupasuka. Ndipo ilipokatwa, ikashonwa, na ya wanawake ikapambwa kwa shanga. Majoho ya wazee yakatengenezwa kwa manyoya ya mbega au pimbi. Aliyeshika kisu alijua kwamba ngozi ya mgongoni ni nene na ya tumboni hunyumbuka, akapanga vazi kwa kufuata tabia hiyo. Mtu anaweza kupinga kwamba huo ulikuwa ujuzi wa kurithi tu, wala hapana sababu ya kuutamani wakati ambao vazi moja lilimaliza siku nyingi. Ni kweli, na hakuna anayetaka kurudi huko. Ila ubunifu na utengenezaji vilikaa katika kichwa kimoja, na hilo ndilo lililopotea.

Lilipotea kwa hatua. Reli ya Uganda, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901, ilipita Londiani na Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Pamoja nayo walikuja wafanyabiashara wa Kihindi na marobota ya amerikani na blanketi. Mmisionari Mmarekani Willis Hotchkiss alianzisha Lumbwa Industrial Mission, kwa imani kwamba dini na kazi za mikono viende pamoja. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai Kericho, na mshahara ukawa njia ya kupata nguo. Baada ya uhuru, ripoti ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya mwaka 1966 iliuliza vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na hapo ndipo wazo la vyuo vya ufundi vya vijijini lilipopata nguvu. Vyuo hivyo vilistahili sifa: vilimpa kijana cherehani, patani na njia ya kujilisha. Lakini kitambaa kiliingia darasani kama bidhaa ya dukani, si kama kitu chenye nyuzi za mtande na za mshindio, na tabia yake.

Hapa ndipo hoja ya mitumba inapokuja. Soko lilipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, nguo kuukuu zilifurika na viwanda vikayumba. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 na kuunganisha kusokota, kufuma na kutia rangi, ilifungwa; Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mitambo ya kisasa. Siwezi kukana kwamba mitumba iliumiza. Hata hivyo, fundi anayenunua kitambaa kwa bei ya rejareja na kushona gauni linalofanana na la mtumba hawezi kushinda kwa bei, awe na bidii namna gani. Kazi iliyobaki mikononi mwake ni sare za shule, kwa sababu mtumba hauleti rangi na vipimo alivyoagiza mwalimu mkuu. Anasimama pale penye hitaji mahususi, na hitaji mahususi hudai kujua kitambaa.

Wapo watakaosema mbunifu si mhandisi, kila mtu abaki na kazi yake. Sawa, hahitaji kuendesha mtambo wa kufuma. Anahitaji kujua cha kuagiza na cha kukataa. Akichoma uzi mmoja, pamba itanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta itayeyuka na kuganda punje ngumu. Kwa jaribio hilo dogo amejua kama sare itarudi baada ya kufuliwa na kama pasi ya moto itaiharibu. Tazama pia aproni ya mchuma chai. Majani yana umande tangu alfajiri, kwa hiyo hufungwa plastiki kiunoni. Plastiki huzuia maji, lakini hufungia jasho ndani. Hilo ni swali la kitambaa kabla ya kuwa swali la mtindo, na liko mlangoni pa Chepseon.

Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, kwa hiyo uamuzi hauko mbali. Kaunti inayonunua cherehani nyingine bila kufundisha nyuzi, ufumaji, rangi na umaliziaji itaongeza idadi ya mafundi wanaogombania sare zilezile. Ikifundisha hayo, na kuwapeleka wanafunzi Eldoret wakaone uzi ukigeuka kitambaa, mbunifu wa nchi ya chai ataweza kumwambia mwenye kiwanda anachotaka, kwa lugha ambayo mwenye kiwanda anaielewa.