Tulisimama Mai Mahiu

Kila Desemba sisi watoto wa Thika tulikuwa tunaenda ushago, Maragoli. Baba anatuamsha saa tisa usiku, tunajibana kwenye Peugeot 504 na magunia ya zawadi. Ruiru tunaipita bado giza. Tukishaacha Limuru kunapambazuka, halafu ghafla ardhi inakatika: Bonde la Ufa lote liko chini yetu, na mlima Longonot umesimama peke yake. Tulimlilia Baba asimame tuone. Hakusimama hata siku moja.

"Barabara ni ya kupita," alikuwa anasema.

Nilidhani ni haraka tu. Kumbe.

Babu alikuja Ruiru miaka ya 1930 kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu. Wakati huo reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901 na Thika tangu 1913, kwa hiyo safari haikuwa ngumu. Kazi ilikuwa kuruhusiwa kusafiri. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kijaluba cha chuma alichokining'iniza shingoni. Ukiondoka kabla mwajiri hajatia sahihi ya kukuachilia, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa na jela yake.

Hata barabara ya kuteremka Mai Mahiu ilijengwa na watu wasiokuwa huru, mateka wa vita Waitaliano. Kikanisa chao cha 1942 bado kiko pale kando ya lami.

Halafu ikaja Desemba 2007. Uchaguzi ulitukuta ushago. Januari, vizuizi vikawekwa barabarani, vijana wakiuliza vitambulisho, na jina lako likiwa la upande usiofaa, umekwisha. Kipande kilikuwa kimerudi, ila sasa tulikuwa tunaulizana wenyewe. Tulirudi Thika baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Pale Naivasha hakuna aliyesema neno garini.

Desemba iliyopita niliendesha mimi. Baba, nywele zote nyeupe, alikuwa kando yangu. Tulipofika kwenye mteremko akaniambia, "Simama hapo."

Nilishtuka. Akashuka polepole, akashika ukuta, akatazama.

"Babu yako alinifunza nisisimame njiani," akasema. "Yeye akisimama, askari anataka karatasi. Basi nikawa nawanyima nyinyi pia."

Nilikosa la kujibu. Watoto wangu walikuwa wanabishana kama kile kilima cha mbali ni Suswa ama sivyo. Baba akawaambia ndiyo, ni Suswa. Sikujua kwamba anakijua.

Tulikaa pale nusu saa nzima. Hakuna aliyetuuliza kitu, isipokuwa wauza kofia za manyoya ya kondoo. Baba alinunua moja, akaivaa mpaka Kiboswa, jua kali namna ile.