Manza si Mwanza

Babu yangu mzaa baba alikuwa na gobore, na kibali chake alikihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai. Tulikaa Kayenze, kaskazini ya mji wa Mwanza, mahali ambapo viboko hutoka ziwani usiku na kuingia mashambani. Gobore hilo ndilo lililokuwa tegemeo la majirani wote. Kila alipokwisha kulitumia, Babu alilifungua, akavipanga vipande vyake juu ya ngozi ya mbuzi, akavifuta na kuvitia mafuta, kisha akavirudisha kimoja kimoja bila haraka. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika taa.

Baruti aliipima kwa ganda la risasi la shaba, refu kiasi cha kidole, lililokuwa na herufi na tarakimu ndogo kitakoni. Alilijaza, akalisawazisha mdomo kwa ukucha wa kidole gumba, akamimina mtutuni. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulichezea.

Mwaka 1956, nikiwa mwanafunzi wa shule ya kati na kichwa kimejaa elimu ya ubaoni, nilimwuliza alikolipata.

"Manza," akajibu. "Tulikuwa tukimenya risasi huko, mjukuu wangu, kama mtu anavyomenya karanga."

Nilicheka. Nikamwambia, "Babu, si Manza, ni Mwanza. Na risasi haimenywi, risasi hupigwa."

Hakubisha. Alinitazama kidogo, akageukia gobore lake. Tangu siku hiyo hakunitajia tena habari za risasi. Alifariki mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru.

Ndugu msomaji, kosa lile lingekuwa la mtoto tu kama lingeishia pale. Lakini nilikua, nikawa mwalimu, na somo langu likawa historia. Kwa miaka mingi nilipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza niliwaambia wanafunzi wangu kwa fahari kwamba babu yangu aliwatengenezea Wajerumani risasi hapa hapa mjini Mwanza. Waliandika katika madaftari yao. Siku niliyokuja kusoma habari za ghuba moja ndogo iliyo kaskazini ya Tanga, nilifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda mrefu. Ghuba hiyo inaitwa Manza.

Habari yenyewe ni hii. Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani katika nchi yetu yalikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871. Bunduki hizo zilitumia baruti nyeusi, na kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Waingereza walifunga bahari kwa manowari zao. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapatia Wajerumani bunduki, bombomu na risasi zilizoachwa ufukweni, lakini akiba ya namna hiyo haidumu.

Mwezi Februari 1915 meli ilitoka Ujerumani ikiwa imejifanya ya Denmark. Jina lake la kweli lilikuwa Rubens, meli ya Kiingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Jina la kujifichia lilikuwa Kronborg. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizungusha kaskazini ya Uingereza, akashuka nayo Atlantiki yote, akapita Rasi ya Tumaini Jema. Tarehe 14 Aprili 1915, karibu kabisa na pwani yetu, manowari ya Kiingereza Hyacinth iliiona. Christiansen aliikimbiza meli yake ndani ya ghuba ya Manza, akaizamisha kwenye maji mafupi na kuacha moto ukiwaka sitahani. Waingereza waliipiga mizinga, wakaona moshi, wakaamini imekwisha. Wakaenda zao.

Ndani yake mlikuwa na bunduki mpya 1,800 hivi na risasi zaidi ya milioni nne. Wapiga mbizi walianza kuopoa. Sanduku baada ya sanduku lilipandishwa ufukweni, maji ya chumvi yakitiririka.

Hapo ndipo neno la Babu linapopata maana yake. Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki hutoa cheche, baruti huwaka, na nguvu ya kuwaka kwake hukisukuma kichwa. Fataki iliyolowa hailii. Baruti iliyolowa huweza kuwaka nusu nusu, kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Na mtu akipiga ya pili nyuma yake, bunduki humpasukia usoni. Basi hapakuwa na njia ya mkato. Risasi zilifunguliwa, baruti ikatolewa, ikasafishwa na kukaushwa, baadhi ya fataki zikabadilishwa, kisha vyote vikarudishwa mahali pake. Kumenya, kama alivyosema mzee.

Kumenya ni rahisi. Kazi ni kurudisha. Kichwa kikizamishwa mno ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na nguvu yake hupita kiasi. Kikitokeza mno, risasi haiingii vema bundukini. Mdomo wa ganda usipokibana sawasawa, kichwa hulegea njiani. Hata leo, wapenda shabaha wa Ulaya na Marekani wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani hutumia kalibu ya chuma kigumu iliyofungwa kwenye mtambo wa mkono. Huizungusha kidogo, wakapima risasi moja, wakaizungusha tena, na ikikaa sawa huikaza kwa nati. Wakiifungua kuisafisha, hawaamini alama ya jana. Huanza kupima upya. Hao wana kalibu, vipimo na nafasi ya kutosha mezani. Kule Manza yalikuwa mamilioni, tena wakati wa vita.

Kamanda wa majeshi yale, Paul von Lettow-Vorbeck, aliieleza kazi hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1920, wala hakuficha kwamba risasi nyingi bado zilikataa kulia. Hata hivyo zilizolia zilimsaidia kuendelea. Alipigana hadi Novemba 1918, akaweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Na Mwanza? Huku kwetu vita vilikuwa vya namna nyingine. Waingereza walitawala ziwa kwa meli zilizoletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa Kisumu, miongoni mwao Winifred, Sybil, Nyanza na Usoga. Kwa meli za ziwani walivamia Bukoba mwezi Juni 1915, na mwezi Julai 1916 wakautwaa mji wa Mwanza. Wakati huo kijana wa Kayenze alikuwa mbali, pwani. Marehemu baba yangu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba Babu alikwenda Tanga kwa miguu kabla ya vita kutafuta kazi ya mkonge, kama walivyofanya Wasukuma na Wanyamwezi wengi. Vita vikamkuta huko. Aliporudi, bendera ya bomani ilikuwa nyingine.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Sijui alilipwa nini, wala alikaa Manza siku ngapi, wala ganda lile alipewa au alilificha. Ningeweza kuyajua yote kwa kuuliza swali moja tu la pili, jioni ile ya mwaka 1956, taa ikiwa mkononi mwangu. Badala yake nilimsahihisha.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Vitabu vingi vya vita vile vimeandikwa juu ya makamanda, na werevu wa Lettow-Vorbeck umesifiwa mno. Lakini nyuma ya kila risasi iliyolia kulikuwa na mtu aliyekaa chini akaifungua, akaikausha, akairudisha, na jina lake halikuandikwa. Nyuma yake tena kulikuwa na mpagazi aliyeibeba kichwani, na wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, pande zote mbili, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kazi zao hazikuwa njema kwa sababu vita vyenyewe havikuwa vyao. Ila zilifanyika, na aliyezifanya ana haki ya kusikilizwa anapotaja mahali zilipofanyika.

Wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa ni babu na bibi. Nikikutana na mmoja wao mjini, humwambia palepale: lile nililowafundisha halikuwa sahihi, ilikuwa Manza, Tanga. Baadhi hucheka na kusema wamekwisha kusahau. Mmoja aliniambia yeye hakusahau, na amekwisha kuwafundisha wengine.

Ganda la shaba liko mezani pangu ninapoandika haya. Gobore lenyewe lilirudishwa serikalini zamani. Juzi mjukuu wangu alilichukua ganda, akalipuliza kama filimbi, akaniuliza, "Babu, hili umelitoa wapi?" Nilimwambia avute kiti akae. Nikaanza na jina la ghuba, nikamtaka alitamke mwenyewe mara mbili.