Injini ya dizeli ilipimwaje kabla ya kompyuta?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo tuache programu kidogo, tuongee injini.

Juzi nilimsindikiza mjomba gereji. Lori lake la mchanga ni la zamani, halina kompyuta hata moja, na lilikuwa likitoa moshi mweusi na kumaliza faida yote kwa mafuta. Fundi alifungua paipu moja ya pampu, akafunga nyingine iliyopinda kama shingo ya bata, kisha akazungusha injini polepole kwa spana huku akitazama matone. Mimi na digrii yangu nikadhani anabahatisha. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma.

Twende Augsburg, Ujerumani, tarehe 10 Agosti 1893. Rudolf Diesel anajaribu injini yake kwa mara ya kwanza. Mafuta yaliwaka, lakini kifaa cha kupimia mgandamizo kilipasuka na vipande vikaruka karibu naye. Yaani cha kwanza kuharibika kilikuwa kipimo! Kifaa hicho, kilichokuwako tangu siku za James Watt, kilichora kwa kalamu mgandamizo ndani ya silinda kadiri pistoni ilivyokwenda. Eneo lililo ndani ya mchoro ndiyo kazi iliyofanywa na mafuta. Kwetu sisi waandishi wa programu, hilo ni faili la kumbukumbu lililoandikwa na mashine yenyewe.

Ilichukua zaidi ya miaka mitatu kupata injini ya kutegemewa. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Nguvu za farasi 17.8, mizunguko 154 kwa dakika, gramu 238 za mafuta kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Zidisha: kama kilo 4.2 kwa saa. Ufanisi ulikuwa asilimia 26.2, na injini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufika hata nusu ya hapo. Kusema injini inazunguka kusingewashawishi wenye viwanda. Gramu ziliwashawishi.

Lakini gramu zinategemea wakati. Mafuta yakiingia mapema mno, injini inagonga na pistoni inaumia. Yakichelewa, yanawaka wakati pistoni imeshaanza kushuka, na pesa inatoka kwa ekzosi. Diesel alipuliza mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa hiyo injini ilibeba kompresa nzito. Mwaka 1927 Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu inayosukuma mafuta yenyewe, na hapo ikawa rahisi zaidi kwa dizeli kuenea kwenye malori bila mzigo huo.

Ndani ya pampu hiyo kuna kijiti chenye mkato wa mshazari. Ukikigeuza, kiasi cha mafuta kinabadilika. Kiasi hicho mafundi walikipima kwenye benchi: pampu inazungushwa, kila tundu linamwaga katika bomba lake la kioo lenye alama, na mabomba yote yanatakiwa yalingane. Hakuna skrini, ni macho tu.

Na wakati je? Hapo ndipo shingo ya bata inapoingia. Kijiti kikipanda kinafunika tundu la mafuta, na matone yanakatika. Hapo ndipo kusukuma kunaanza. Unatazama alama kwenye flaiwili na kusoma digrii. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika, digrii moja ni kama sehemu ya elfu ya sekunde ikigawanywa kwa tisa. Fundi anaikamata kwa tone! (Nina programu zangu zisizoweza hivyo.)

Kwa lori la mjomba, alama ilikuwa imeshapita tone lilipokatika. Fundi alilegeza pampu, akaisogeza kidogo, akapima tena mara mbili. Siku hizi mjomba anajaza tangi hadi juu, anaandika kilomita kwenye kijitabu, kisha anajaza tena. Nilimwambia Schröter alihesabu kwa gramu. Akaniuliza kama nina mizani ya kumwazima.